Wanafunzi Waliouliza Picha Zetu Zinakwenda Wapi

Siku hizi mtoto akizaliwa, habari zake humtangulia bibi yake. Bibi bado yuko njiani kwenda hospitalini na chupa ya uji, na tayari picha ya kichanga imekwisha kufika kwenye kundi la familia, kutoka hapo kwenye kundi la wanakwaya, na kutoka kwa wanakwaya hadi kwa watu wasiomjua mama wala baba. Furaha ya mzazi haina mipaka, wala hatuandiki makala hii ili kumkataza mtu kufurahi. Tunauliza jambo dogo tu. Picha ile sasa imehifadhiwa wapi? Ni nani anayeitunza? Na mtoto akikua, akasema haitaki, atamwendea nani ili ifutwe?

Maswali hayo yaonekana kuwa ya mahakimu na mawakili. Lakini baadhi ya watu walioyachimbua mapema, na kwa ukali zaidi, walikuwa vijana wa umri wa wale tunaowalipia ada: wanafunzi waliopewa kazi ya darasani na walimu wao. Tumeona vyema tuwasimulie wasomaji wetu walichokikuta vijana hao, kwa sababu mambo yaliyoanza katika madarasa ya Marekani na Ulaya leo yamefika jikoni kwetu, mfukoni mwa kanga.

KAZI YA DARASANI

Chuo cha MIT, mjini Cambridge katika jimbo la Massachusetts, kilikuwa na somo lililohusu maadili na sheria katika ulimwengu wa intaneti. Mmoja wa walimu wake alikuwa Profesa Hal Abelson. Wanafunzi wa somo hilo hawakutakiwa kukariri vifungu vya sheria na kuvirudia kwenye mtihani. Walitakiwa kuchagua jambo, kulichunguza pamoja, na kuandika walichokiona.

Mwishoni mwa mwaka 2005 wanafunzi wawili walichagua Facebook. Wakati ule Facebook ilikuwa na umri wa chini ya miaka miwili, na ilikuwa ya wanafunzi. Watu wote walifunguliwa mlango mwaka 2006. Vijana hao waliandika programu fupi ya kompyuta, wakaiacha ifanye kazi yake, nayo ikakusanya kurasa za wanafunzi zaidi ya 70,000 kutoka vyuo vinne. Ilikusanya majina, picha, tarehe za kuzaliwa, namba za simu, mabweni wanamolala na majina ya wapenzi. Hawakuvunja kitasa chochote. Milango ilikuwa wazi.

Kisha waliwauliza wenzao chuoni kama wamewahi kusoma masharti waliyoyakubali siku walipojiunga. Karibu watu 9 katika kila 10 walisema hawajayasoma. Hao walikuwa wanafunzi wa MIT, mabingwa wa kompyuta. Basi mama anayebonyeza “Nakubali” huku sufuria inafurika jikoni asijione mjinga peke yake.

Hapa yafaa tutulie kidogo, maana kuna jambo la maadili ndani ya utafiti wenyewe. Ukitaka kumwonyesha jirani yako kwamba hakufunga mlango, je, ni sawa uingie mpaka chumbani, uhesabu nguo zake, kisha utoke umwambie, “Ona, ningeweza kuiba”? Wapo watakaosema ndiyo, bila hivyo jirani asingeamini. Sisi twaona kwamba vijana hao walitoa onyo la maana sana, lakini wale 70,000 hawakuulizwa. Kuulizwa au kutoulizwa ndiko kutakakotufuata mpaka mwisho wa makala hii.

JINA LIKIFUTWA, MTU BADO YUPO

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2008, watafiti waliokusanya habari za Facebook za wanafunzi wapatao 1,700 wa chuo kimoja walizitoa ili wasomi wengine nao wazitumie. Walikuwa waangalifu. Walifuta majina na hawakutaja chuo. Lakini haukupita muda mrefu kabla ya wasomaji makini kugundua kwamba chuo ni Harvard. Ilitosha kutazama ukubwa wa darasa na majina ya masomo yanayofundishwa huko. Tena, katika orodha ya mataifa walikotoka wanafunzi, kulikuwa na nchi zilizokuwa na mwanafunzi mmoja tu. Ukishajua chuo na darasa, na ukajua kwamba kutoka nchi fulani kuna kijana mmoja, jina lake limefutwa kwa faida gani?

Msomi mmoja wa Marekani, Michael Zimmer, aliiandikia habari hiyo kwa kirefu. Alionyesha pia kwamba waliokusanya kurasa zile walikuwa wanafunzi wasaidizi wa hapohapo chuoni. Kwa hiyo huenda waliona mambo ambayo wenyewe waliyaandika ili yasomwe na wanachuo wenzao tu, si na dunia.

Tumelieleza jambo hili kwa sababu twalijua vizuri hata bila kompyuta. Mwanamke akiandika kwenye kundi, “Simtaji mtu, lakini mke wa mzee fulani wa mtaa wetu anayeuza vitumbua karibu na kituo cha daladala mambo yake si mazuri,” je, hakumtaja? Amemtaja kuliko kama angesema jina, kwa kuwa wenye jina hilo ni wengi, na muuza vitumbua wa pale kituoni ni mmoja.

KURASA 1,222

Sasa tuje kwa kijana aliyefanya kazi ya darasani ikageuka kesi ya kutikisa mabara mawili.

Max Schrems ni mzaliwa wa Austria. Mwaka 2011 alikuwa mwanafunzi wa sheria, na alikwenda kusoma kwa muda katika Chuo Kikuu cha Santa Clara, California, jirani kabisa na makao ya kampuni kubwa za kompyuta. Siku moja mwanasheria wa Facebook alialikwa kuzungumza na darasa. Schrems alishangaa kuona jinsi sheria za Ulaya za kulinda habari za watu zilivyochukuliwa kwa wepesi. Alipotakiwa kuandika insha ya mwisho wa muhula, akaamua kuandika juu ya jambo hilo.

Sheria ya Ulaya ilimpa kila mtu haki ya kuuliza kampuni, “Mna nini changu?” na kampuni kulazimika kujibu. Schrems akauliza. Hakutumia hila wala programu, aliandika barua tu. Alisumbuliwa kidogo, akakaza, na mwishowe akatumiwa sahani ya kompyuta. Alipoifungua alikuta kurasa 1,222.

Akina mama, tuzitafakari kurasa hizo. Biblia nyingi tunazobeba Jumapili hazina kurasa zaidi ya hapo. Na huyu alikuwa kijana wa miaka 23 ambaye hakuwa na jambo kubwa maishani mwake. Ndani yake alikuta mazungumzo aliyokwisha kuyafuta. Alikuta orodha ya watu aliowaondoa katika urafiki, sherehe alizoalikwa na jinsi alivyojibu, na mashine alizotumia kuingilia. Alikuta hata anwani ambazo yeye mwenyewe hakuwahi kuwapa. Zilitoka kwa rafiki zake, walioiruhusu kampuni isome daftari zao za majina na namba.

Kati ya yote hayo, mawili yametugusa zaidi. La kwanza ni kwamba kufuta hakukuwa kufuta. Kilichoondoka machoni pake hakikuondoka ghalani. La pili ni kwamba waliomtoa walikuwa wapenzi wake, watu waliomtakia mema, waliobonyeza mahali bila kufikiri. Unaweza kuwa mwangalifu maisha yako yote, na wifi yako akakutoa kwa kidole kimoja.

Schrems na wanafunzi wenzake wa sheria wa Vienna wakaunda kikundi. Facebook ilikuwa na ofisi yake ya nchi za nje huko Ireland, na watumiaji wote walioishi nje ya Marekani na Kanada walikuwa na mkataba na ofisi hiyo. Kwa hiyo kikundi kilipeleka malalamiko 22 kwa msimamizi wa sheria hizo wa Ireland, mwezi wa Agosti na Septemba 2011. Habari zilipotapakaa, watu zaidi ya 40,000 wakaomba nakala za kurasa zao pia. Msimamizi akaenda kukagua. Mwaka 2012 kampuni ikakubali kuzima, kwa watu wa Ulaya, ule utaratibu wa kompyuta kutambua uso wa mtu pichani na kupendekeza jina lake.

Mwaka huohuo 2012 jambo jingine la kuchekesha na kuhuzunisha lilitokea. Facebook ilikuwa na kanuni kwamba wanachama wakitoa maoni mengi ya kutosha juu ya badiliko la masharti, badiliko hilo lipigiwe kura. Kikundi cha wanafunzi kikahamasisha watu, maoni yakafika, kura ikapigwa mwezi wa Juni. Watu zaidi ya 340,000 walipiga kura, na karibu 87 katika kila 100 walikataa masharti mapya. Lakini kanuni ilidai kwamba kura haina nguvu mpaka wapige asilimia 30 ya wanachama wote, na wanachama walikuwa karibu milioni 900! Masharti yakapita. Kabla ya mwaka kwisha, kampuni ikaufuta utaratibu wenyewe wa kura. Yeyote aliyewahi kuwa katibu wa kikoba au chama cha kuweka na kukopa anajua maana ya kuweka akidi isiyofikika. Mwekahazina wa kikundi cha wanawake kumi na watano akileta kanuni ya namna hiyo atavuliwa ufunguo wa sanduku siku hiyohiyo.

Kesi haikuishia hapo. Mwaka 2013 ilifichuka kwamba idara za ujasusi za Marekani zilikuwa zikipata habari zilizowekwa kwenye kampuni za kompyuta za nchi hiyo. Schrems akaleta lalamiko jipya: kama ni hivyo, habari za watu wa Ulaya zinapelekwaje huko? Msimamizi wa Ireland hakutaka kulichunguza. Likaenda mahakamani, na tarehe 6 Oktoba 2015 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikatangua mapatano yote yaliyoruhusu habari hizo kuvushwa bahari tangu mwaka 2000. Mapatano mengine yakaandikwa, nayo yakatanguliwa Julai 2020. Insha ya muhula mmoja ndiyo iliyofungua njia hiyo. Tukimwona mwanafunzi nyumbani amejifungia na vitabu akisema ana “kazi ya kikundi”, basi tusimtume dukani kila saa.

SHERIA ILIHAMA, SISI HATUKUHAMA

Yatupasa tuseme jambo lililotuhusu sisi moja kwa moja na ambalo wengi hawakulisikia. Tumesema kwamba mkataba wa watu wote waliokuwa nje ya Marekani na Kanada ulikuwa na ofisi ya Ireland. Basi hata mama wa Morogoro au wa Kakamega alikuwamo. Mwaka 2018 Ulaya ilianza kutumia sheria mpya yenye makali zaidi. Kabla haijaanza, kampuni ikabadili mikataba: watumiaji wa Afrika, Asia, Australia na Amerika ya Kusini, watu bilioni 1.5 na zaidi, wakahamishiwa kwenye kampuni mama ya Marekani. Mama wa Kakamega hakuondoka kitini pake. Kilichoondoka ni kivuli cha mti aliokuwa ameketi chini yake, na taarifa aliyopewa ilikuwa mojawapo ya zile anazobonyeza “Nakubali”.

Namshukuru Mungu, ndivyo wengi wangesema, nchi zetu nazo zimepanda miti yake. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda habari za watu mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Kwa sheria ya Tanzania, taarifa za watoto zimewekwa katika fungu la taarifa nyeti, pamoja na mambo kama ya afya. Sheria ya Kenya yasema kwamba habari za mtoto zisitumiwe bila idhini ya mzazi au mlezi, tena kwa namna inayomfaa mtoto mwenyewe.

Hayo si maneno ya kwenye karatasi tu. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ukumbi mmoja wa starehe nao ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja wake bila kumwuliza. Mama anayeona picha ya binti yake kwenye tangazo la shule anayo haki ya kwenda kwa mwalimu mkuu akauliza, na shule isipomsikiliza anapo pa kupeleka lalamiko.

PALE SHERIA INAPONYAMAZA

Lakini kuna mlango mmoja ambao sheria haiugongi. Sheria ya Kenya yasema wazi kwamba haihusu mtu anayetumia habari kwa mambo yake binafsi au ya nyumbani. Kwa hiyo shule ikiweka picha ya mtoto wako anaoga mchanga uwanjani, yaweza kushtakiwa. Wewe ukiiweka picha yake akiwa anaoga kwenye beseni, hakuna kamishna atakayekuja kubisha hodi.

Hapo ndipo sheria inapokabidhi kazi kwa maadili, na maadili ya nyumba yako ni mikononi mwako. Mzazi ndiye aliyepewa mamlaka ya kumkubalia mtoto. Je, akijikubalia mwenyewe, nani atamsemea mtoto? Tumesikia wakisema, “Ni mwanangu, nimemzaa.” Ni kweli, lakini sura ni yake. Atakwenda nayo shuleni, atakwenda nayo kuomba kazi, na atakwenda nayo kwa wakwe.

Hatusemi picha zote zifungiwe kabatini. Picha ya ubatizo, ya kipaimara, ya mahafali, kila mtu amevaa vizuri na anacheka, ina ubaya gani ikienda kwa ndugu? Tunasema juu ya picha ya mtoto mgonjwa kitandani na mipira puani, iliyotumwa ili watu wamwombee. Maombi hayahitaji picha. Tunasema juu ya karatasi ya matokeo ya mtihani yenye namba ya mtoto na jina la shule, inayotumwa kwa majivuno au kwa aibu. Tunasema juu ya mtoto anayelia kwa kuchapwa, ambaye mama amemrekodi ili watu wacheke. Kijana wa miaka kumi na mitatu hasahau picha hiyo, na wenzake darasani hawatamsahaulisha.

Mtoto aliyefika umri wa kuelewa aulizwe. “Mwanangu, naomba nimtumie shangazi picha hii, waonaje?” Akikataa, usiitume. Utashangaa jinsi mtoto aliyezoea kuulizwa anavyojua naye kumwuliza mwenzake kabla ya kutuma picha ya mwenzake, na jinsi anavyopata nguvu ya kusema hapana siku mtu mwingine atakapomwomba picha isiyofaa.

Ukitaka kujua mwenyewe kilichomo ghalani, sasa huhitaji kuandika barua kama Schrems. Katika Facebook, upande wa mipangilio, kuna mahali pa kuomba nakala ya habari zako. WhatsApp nayo ina mahali pa kuomba ripoti ya akaunti yako. Faili la Facebook laweza kuwa kubwa, hivyo usilipakue kwa bando la shilingi mia tano. Ukilipata, tafuta majina na namba za simu za watu wengine yaliyomo. Hizo ndizo habari za wenzako ulizozitoa wewe.

KIJANA AKIJA KUTAFITI KUNDI LENU

Tumebakiwa na jambo moja. Wanafunzi wa vyuo vyetu sasa wanachunguza makundi ya mitandaoni: jinsi wanawake wanavyokopeshana, wanavyoshauriana juu ya uzazi, wanavyofarijiana msibani. Ni kazi njema na twawaunga mkono. Siku mmoja wao akibisha hodi kwenye kundi lenu, mpokeeni, ila mwulizeni maswali. Anasoma chuo gani, na msimamizi wake ni nani? Ana barua ya ruhusa? Atanakili mazungumzo yote au yale tu yatakayochaguliwa? Yatakaa wapi, na yatafutwa lini? Akisema atabadilisha majina, mkumbusheni muuza vitumbua.

Akisema, “Admini amekwisha kunikubalia,” mwambieni kwa upole kwamba admini amekubali kwa ajili yake mwenyewe. Kama kundi lina wanawake 80, wamebaki 79 wa kuulizwa. Na yule aliyeandika usiku wa manane kwamba mumewe hajarudi kwa siku tatu, huyo aulizwe peke yake, kando, na akisema hapana, maneno yake yaondolewe kabla kijana hajaanza kunakili.